Mama Hulda Aja Kuchukua Samaki

Kipkemboi alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi la samaki, mkono umezama majini mpaka kwenye kiwiko, aliposikia gari likizimwa nje ya lango. Hakuna Vitz nyingine Kesses nzima iliyokohoa mara mbili kabla ya kunyamaza. Ilikuwa ya Lorraine, mpenzi wake. Kwa siku kumi na sita Lorraine hakuwa amepokea simu yake, na kwa siku hizo mwanamume mzima, daktari wa mifugo anayeheshimika kuanzia Kesses hadi Cheptiret, alikuwa akiishi kama mtu aliyefiwa. Chai alikunywa bila sukari, shati alivaa bila pasi, na mazungumzo yake mengi alikuwa akiyafanya na samaki.

Alijifuta mkono kwenye suruali, akakimbilia mlangoni. Ilikuwa saa nne na nusu za asubuhi, lakini ukungu wa Julai ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya mahindi. Lorraine alishuka upande wa dereva, amevaa lile koti la kijivu alilomnunulia yeye mwenyewe, nywele amezifunga nyuma kama anavyozifunga akienda hospitalini kunyoosha viungo vya wagonjwa wake. Alikuwa amekonda kidogo. Kipkemboi alifungua mdomo aite jina lake, halafu mlango wa pili wa gari ukafunguka.

Mwanamke aliyeshuka alikuwa mfupi na mpana, amejifunga leso juu ya sweta mbili, na mkononi alibeba ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Kipkemboi hakuhitaji kutambulishwa. Kidevu kile, macho yale, hata namna ile ya kusimama na kuikagua nyumba ya mtu kabla ya kuisogelea, vyote alikuwa akivipenda miaka miwili sasa kwa mtu mwingine. Huyu ndiye Mama Hulda, mamake Lorraine.

"Wewe ndio Kipkemboi?"

"Ndio, Mama. Karibu sana. Karibuni ndani, hii baridi itawamaliza."

"Sikuja kukaribishwa," Mama Hulda akasema. "Nimekuja kuchukua samaki ya mtoto wangu."

Kipkemboi alimtazama Lorraine. Lorraine aliyatazama matope kwenye viatu vyake, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuona matope Kesses.

Tangi lile lilikuwa la Lorraine, hilo hakuna aliyebisha. Alilinunua mjini mwaka uliopita, pamoja na samaki kumi na wawili wa aina ya danio, wadogo wasiozidi kidole cha mwisho, wenye mistari ya buluu na ya fedha kutoka kichwani hadi mkiani. Lakini nyumba yake ya kupanga kule Eldoret maji yalikuja siku mbili kwa wiki, tena yakinuka dawa, naye Kipkemboi alikuwa na tangi kubwa la maji ya mvua nyuma ya nyumba. Basi samaki wakahamia Kesses. Na kila Jumamosi Lorraine akaja kuwaona, au ndivyo alivyowaambia watu. Ukweli ni kwamba danio hawana shida nyingi. Wanastahimili baridi ya huku bila kupashiwa maji moto, hawapigani, na chakula chao ni kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili. Samaki wa kuhitaji kutembelewa kila Jumamosi, kutoka asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, hajazaliwa bado.

Mama Hulda aliingia sebuleni bila kuvua hata leso. Akaweka ndoo sakafuni, akakataa kiti kwa mkono, akainama mbele ya kioo. Samaki, waliozoea kwamba uso ukitokea chakula kinafuata, walikuja mbele wote kwa pamoja, wakageuka kwa pamoja, wakarudi tena. Mama Hulda aliwatazama muda mrefu.

"Hii ni omena," akasema, kama anayeona fungu la dagaa sokoni.

"Mama, ni danio," Lorraine akasema. Ilikuwa sauti yake ya kwanza asubuhi ile, na Kipkemboi aliisikia mpaka kwenye magoti.

"Nimeuza omena hapa Eldoret miaka thelathini, nikakusomesha nayo, leo unanifunza samaki? Hii ni omena imevaa yunifomu." Akamgeukia Kipkemboi. "Na unawapea chakula?"

"Mara mbili kwa siku, Mama. Kidogo kidogo."

"Badala wao ndio wakuwe chakula."

Kipkemboi hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Akaamua kutocheka, na alifanya vyema.

"Sikiliza, kijana," Mama Hulda akaendelea, akinyoosha mgongo. "Wiki mbili zilizopita nilitoka nyumbani Nyakach, kule ziwani, nikakuja mpaka kwa nyumba ya Emmaculate, dada yake huyu, pale mtaa wa Pioneer, Eldoret. Nikavaa nguo ya kanisa. Nikaambiwa leo kuna mtu anaitwa Kipkemboi anakuja kuniona. Saa sita nikakaa. Saa nane nikakaa. Saa kumi na moja nikaambia Emmaculate akunje kitambaa cha meza. Mtoto wangu akaingia chumbani akafunga mlango, na mimi nikasikia vile analia. Hiyo ndio salamu ulinitumia. Kwa hivyo kitu chochote cha mtoto wangu kiko kwa hii nyumba, leo kinaenda na mimi."

"Mama, siku hiyo..."

"Samaki kwanza. Maneno hatuna."

Lorraine alikuwa amesimama karibu na dirisha, mikono ameifungia kifuani. Macho yao yalikutana mara moja. Kipkemboi alitafuta hasira machoni mle, hakuiona. Aliona uchovu, na kitu kingine kilichomfanya atamani kuvuka chumba kile kwa hatua mbili na kumkumbatia mbele ya mamake, liwalo na liwe. Hakuthubutu. Aliinama akachukua ile ndoo, akafungua kifuniko, akanusa.

"Mama, hii ndoo umeiosha na nini?"

"Na sabuni, na nini kingine? Unafikiri mimi ni mchafu?"

"Hapana, Mama. Lakini sabuni hata ikibaki kidogo tu, watakufa kabla ya Cheptiret." Alisema kwa upole, lakini alisema. "Ngoja."

Akaenda jikoni, akarudi na ndoo nyeupe, kuukuu, iliyopasuka kidogo mdomoni. "Hii ni yao. Haijawahi kuona sabuni." Akaingiza mpira mwembamba tangini, akauvuta kwa mdomo mpaka maji yakaanza kushuka, akaijaza ndoo nusu. Alifanya kazi polepole bila kutikisa kitu. Mwanamume mwingine angebishana, angepiga magoti, angeapa kwa jina la bibi yake. Yeye alikuwa akiwafungia samaki safari, na kifua kilikuwa kikimuuma hasa.

"Lorraine," akasema bila kuinua kichwa, kwa maana alijua akiinua kichwa sauti itamtoroka, "ukifika usiwamwage moja kwa moja. Weka maji yako kidogo kidogo ndani ya hii ndoo, nusu saa, wazoee."

"Najua, Kip. Mimi ndio nilikufunza."

"Ulinifunza. Nakukumbusha tu. Na maji ya mfereji usitumie siku hiyo hiyo. Yalale kwanza usiku mmoja bila kufunikwa. Nitakujazia jerikeni mbili za maji ya mvua uanze nazo. Na kifuniko usisahau, hawa wanaruka. Halafu Jumapili hawali. Nimewazoesha."

"Wanafunga?" Lorraine akauliza, na pembe ya mdomo wake ikatingishika kidogo.

"Wanafunga. Tumbo linapumzika. Ukiwaonea huruma siku hiyo, maji yanachafuka."

Alichukua kiwavu kidogo cha kuvulia. Lorraine naye, kwa mazoea ya Jumamosi nyingi, akasogea kushika ndoo upande wa pili. Vidole vyao vikagusana kwenye mshikio wa ndoo. Hakuna aliyeondoa chake. Kipkemboi alisikia manukato yake yaleyale ya siku zote, akasahau kabisa alichokuwa anataka kuvua.

"Mnashika samaki ama mnashikana?" Mama Hulda akauliza.

Vidole vikaachana. Kipkemboi akavua wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alikuwa amefika wa kumi na mmoja Mama Hulda aliposafisha koo. Inawezekana ni zile jerikeni za maji ya mvua zilizomlainisha. Inawezekana ni namna daktari alivyomshusha kila mmoja ndooni taratibu.

"Huyo wa mwisho mwache," akasema. "Abaki na wewe. Nisionekane mtu mbaya, ati nimekunyang'anya kila kitu."

Ilikuwa sadaka, na Kipkemboi aliielewa. Alimtazama yule samaki mmoja aliyebaki. Tayari alikuwa ameanza kuzunguka kona hadi kona, akiwatafuta wenzake. Lo, jinsi alivyotamani kusema ndio! Angekuwa na kitu kimoja cha Lorraine ndani ya nyumba, kitu cha kuamkia asubuhi. Akatumbukiza kiwavu.

"Hapana, Mama. Asante. Lakini mchukue wote."

Nyusi za Mama Hulda zikapanda. "Nakupea, unakataa?"

"Nakataa kwa sababu yake yeye." Akamwinua samaki, akamshusha ndooni taratibu. "Mama, mimi ni mtu wa ng'ombe. Kwetu Chepsaita, ndama akikonda unamtenga. Unampatia boma lake, nyasi nzuri, unamwangalia peke yake mpaka anenepe. Ndivyo nilisoma, na ndivyo nilikuta nyumbani. Sasa wiki iliyopita nikaona mmoja wa hawa amekonda. Wenzake wanamtangulia chakula. Nikasema, huyu nimtibu. Nikamtoa, nikamweka kwa chupa kubwa pale dirishani jikoni, maji safi, chakula kizuri kuliko cha wengine wote. Nikajiona daktari."

"Halafu?"

"Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili rangi ikamtoka, ile mistari ikapotea kabisa. Siku ya tatu nikamkuta amelala chini kabisa, hata nikigonga chupa hageuki. Na hakuwa mgonjwa, Mama. Nilimwangalia na kioo cha kukuza, hana kitu. Alikuwa tu peke yake. Nikamrudisha hapa mbio. Jioni hiyo hiyo akala. Sasa hata siwezi kukuonyesha ni yupi." Akafunika ndoo. "Nilimpatia kila kitu nikamnyima wenzake. Siwezi kurudia hiyo makosa ndio nibaki na kumbukumbu. Heri tangi likae bure."

Pampu ya hewa iliendelea kububujika katika tangi lisilo na samaki. Lorraine aligeukia dirisha haraka, na mgongo wake ulimwambia Kipkemboi kwamba analia.

Mama Hulda alivuta kiti kile alichokikataa, akakaa. Alifungua leso mabegani, akaikunja juu ya magoti, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nilikuja Eldoret nikiwa na miaka kumi na tisa," akasema hatimaye, na sauti ilikuwa imeshuka. "Baba yake Lorraine, marehemu Johnstone, alikuwa amepata kazi kwa kiwanda cha nguo. Ploti tuliyopanga chumba hakukuwa na mtu hata mmoja anaongea lugha yangu. Johnstone akienda kazi, mimi naongea na sufuria. Nilikuwa na chakula, nilikuwa na blanketi, nilikuwa na bwana mzuri. Na nilikonda mpaka mama yangu aliponiona akapiga nduru." Akamkazia macho Kipkemboi. "Mimi sina shida na Wakalenjin. Mmekula omena yangu miaka mingi, wale wenu wanakula. Lakini huyu ni kitinda mimba wangu. Utampeleka huko Chepsaita, watu wakae jikoni wakiongea Kikalenjin, wacheke, na yeye acheke tu kwa sababu wengine wamecheka. Hiyo ndio inaninyima usingizi. Hata kama ungekuja siku ile umevaa suti, ningekuuliza tu hivyo."

Sasa Kipkemboi akaelewa kilichokuwa kimemleta mama huyu na ndoo. Alichuchumaa mbele yake, kwa heshima, macho yakiwa chini kidogo ya macho yake.

"Mama, sitakudanganya ati najua kila jibu. Lakini tutaishi hapa, si Chepsaita. Kazi yake iko mjini na hataiacha. Emmaculate ako Pioneer, aje hapa kama kwake. Na mimi nimeanza Kijaluo. Kuna mwalimu hapa chuo, anaitwa Wabuge... si Mjaluo kamili, lakini alilelewa Kisumu. Ananifunza Jumanne."

Lorraine aligeuka kutoka dirishani. "Unajifunza Kijaluo? Tangu lini?"

"Tangu Aprili. Nilitaka nikushtue."

"Sema kitu," Mama Hulda akaamuru.

Kipkemboi akakohoa, akaamkua kwa Kijaluo, akauliza habari za nyumbani, za mvua, na za kuku. Alikuwa na maneno hayo tu, na kila moja lilitoka na uzito wa Chepsaita. Mama Hulda alijifunika mdomo na leso. Mabega yakamtetemeka.

"Kuku ni wazima," akajibu aliporudiwa na pumzi. "Na mama yako? Yeye anasemaje?"

"Mama yangu Naomi anauliza kitu moja tu. Kama Lorraine ataweza kukamua."

"Ataweza?"

"Nilijaribu, Mama," Lorraine akasema. "Ng'ombe alinipiga teke."

"Nikamwambia mama nitakamua mimi," Kipkemboi akasema, "na Lorraine atakuwa ananinyoosha mgongo."

Lorraine alicheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, pamoja na machozi, na Kipkemboi akaona angeweza kuishi mwaka mzima kwa kicheko kile kimoja. Lakini Mama Hulda alikuwa bado hajamaliza. Alinyoosha kidole.

"Sasa niambie. Mtu anaweza kuona huruma ya samaki hivi, siku ile alinidharau kwa nini?"

Kipkemboi alishusha pumzi.

"Kuna mama mmoja mjane pale Cheptiret, Mama Sarah. Ana ng'ombe mmoja tu. Asubuhi hiyo ng'ombe akaanza kuzaa, ndama ametanguliza matako. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Ikawa saa saba nzima. Simu ikazima, na mikono yangu ilikuwa mahali haiwezi kushika simu, samahani, Mama. Ndama akatoka saa kumi. Sikuoga. Niliendesha pikipiki vile nilivyo mpaka Pioneer."

"Ulifika Pioneer?" Lorraine alisogea hatua mbili. "Kip, ulifika?"

"Nilifika mpaka kwa gate." Sasa uso ulikuwa unamwaka. "Nikaona kupitia dirisha. Kitambaa cheupe mezani. Mama amevaa nguo ya kanisa, amekaa wima. Nikajiangalia. Overoli ina damu, gumboot zina... zina kila kitu. Nikasema, siwezi kuingia mbele ya huyu mama nikinuka hivi. Nikageuka. Nilipofika nyumbani na kuchaji simu ulikuwa umeshaniandikia, 'Umeniaibisha.' Nikaona ni kweli. Nikaona aibu ya kusema nilifika nikatoroka."

Mama Hulda alikuwa amekaza macho. "Overoli ya kijani?"

"Ndio, Mama."

"Kofia ya manyoya?"

"Ndio."

"Mungu wangu!" Mama Hulda akapiga paja lake kofi. "Nilikuona! Nilikuona na haya macho! Nikamwambia Emmaculate, mtu wa maziwa amekuja, leta sufuria. Akatoka na sufuria mpaka kwa gate, ukawa umeshaenda. Tukasema mtu wa maziwa wa siku hizi ana haraka gani!"

Lorraine akavuka chumba, akampiga Kipkemboi ngumi begani, moja, ya pili, ya tatu, machozi yakimtiririka. "Siku kumi na sita, Kip! Kumi na sita! Unaona aibu ya mavi ya ng'ombe, mimi nimelala na simu chini ya mto! Unafikiri mimi sijakuona na gumboot? Unafikiri nilikupenda ukiwa na suti?"

"Hukuwa unashika simu."

"Ungekuja! Ungekuja hata na hiyo overoli!"

"Nilikosa," Kipkemboi akasema. "Nilikosa, Lorraine. Nisamehe."

Ngumi ya nne ilifika begani ikabaki pale, ikafunguka, ikawa kiganja. Wakatazamana. Kama Mama Hulda hangekuwa ndani ya chumba kile, hadithi hii ingekuwa na mambo mengine ya kusimulia.

Mama Hulda alisimama. Alijifunga leso yake barabara.

"Rudisha samaki kwa tangi," akasema. "Wanapata baridi bure."

Kipkemboi hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliwarudisha mmoja mmoja, na walipofika kumi na wawili wakajipanga kama kawaida, wakageuka pamoja kwenye kona, mistari yao ikang'aa. Alijihisi mwepesi. Akakimbilia jikoni. Mgeni wa namna hii hawezi kuondoka mikono mitupu! Akachemsha chai kwa maziwa ya ng'ombe wa mamake, akapakua mahindi na maharagwe yaliyokuwa motoni, akapanga sahani tatu, akaleta maji ya kunawa kwenye jagi, na taulo safi begani.

"Karibu unawe, Mama."

Mama Hulda alilitazama jagi. Akakitazama kikombe cha chai kilichokuwa kikifuka mvuke, chai nzito ya maziwa, asubuhi ya baridi kama ile. Akameza mate. Kipkemboi alimwona akimeza.

"Hapana," akasema. "Mimi nitakaa kwa gari."

"Basi chai tu, Mama. Umetoka mbali."

"Hata chai."

"Maji ya moto?"

"Hata maji." Na akachukua ndoo yake tupu, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.

Kipkemboi alibaki na jagi mkononi. Kwao Chepsaita mtu anaweza kugombana nawe juu ya mpaka wa shamba, akakutukania baba yako, na bado akanywa chai yako. Anayekataa hata maji ameshamaliza maneno. Jagi likainama, maji yakamwagika sakafuni.

"Nilifikiri amenisamehe," akasema. Alishangaa sauti yake ilivyokuwa ndogo. "Lorraine, nilifikiri tumeelewana. Nimemkosea nini tena?"

Alipogeuka, alimkuta Lorraine amejishika mashavu, macho yamemtoka, na uso wote unang'aa.

"Kip," akanong'ona. "Mama amekataa kula."

"Nimeona!"

"Hujaona. Mama yangu anakula kwa kila mtu. Anakula kwa pasta, anakula kwa majirani, anakula kwa watu hata hawajui. Mahali moja tu hawezi kula." Alimshika mikono yote miwili, jagi na yote. "Kwetu mama hali kwa nyumba ya mkwe wake kabla watu wa mkwe hawajafika kwao kumwomba binti. Ni heshima. Hawezi kugusa hata maji. Emmaculate alipochumbiwa, Mama alikaa na kiu mchana mzima ndani ya gari ya shemeji."

Kipkemboi alimtazama. Akatazama mlango. Ilichukua muda kwa maneno kumfikia, na yalipomfikia akakalia kile kiti ambacho Mama Hulda alikuwa ameketi.

"Mkwe," akasema.

"Mkwe," Lorraine akasema, akacheka, akainama, akaweka paji lake la uso juu ya la kwake. "Hakusema, na hatasema. Lakini ameenda kukaa na njaa kwa ajili yako."

Walikaa hivyo kidogo. Nje, kupitia dirisha, Mama Hulda alionekana ndani ya Vitz, amekaa wima, ameipakata ndoo yake, akitazama mbele kwa uvumilivu mkubwa.

"Na hoteli ile ya ng'ambo ya barabara?" Kipkemboi akauliza ghafla. "Hapo anaweza kula?"

"Hoteli si kwa mkwe."

"Mpeleke basi, haraka. Mama yako asife njaa na mimi niko. Mwambie wana chapati."

Lorraine alimbusu, busu refu la siku kumi na sita, kisha akatoka mbio, koti likipepea. Kipkemboi alisimama dirishani akawatazama wakivuka barabara kwa mguu, mama na binti, wameshikana mikono. Alipowaona wameingia hotelini, akatoa simu, akapiga Chepsaita.

"Mama, mamake Lorraine alikuwa hapa."

"Kwako? Leo?" Sauti ya Mama Naomi ilipanda. "Umempa chai?"

"Nimempa. Ya maziwa yako. Amekataa. Amekataa hata maji."

"Amekataa chai yangu?" Mama Naomi akaguna. "Basi, mwanangu, pole. Hiyo imeisha. Tutatafuta kwingine."

"Haijaisha, Mama. Kwao mtu anakataa hivyo kwa mkwe wake. Amenikubali. Tafuta wazee, Mama. Watatu, wenye subira. Na wewe mwenyewe ujitayarishe, tunaenda Nyakach kabla ya Agosti kwisha."

Alisikia mamake akivuta kiti na kukaa. Akaamua amalizie kabisa, maana siku kama ile haiji mara mbili.

"Na Mama, sisi hatuna ruhusa ya kukataa. Tukifika kwao, mnakula kila kitu mtakachowekewa mezani. Ni ziwani kule. Unajua watapika nini."

Mama Naomi alikuwa na miaka sitini na mitatu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutia samaki mdomoni. Bibi yake hakula, mama yake hakula, na yeye alikuwa akisema waziwazi kwamba kitu kisicho na kwato si nyama. Kipkemboi alisubiri. Alisikia jogoo akiwika kule Chepsaita, na mlango wa zizi ukigongwa na upepo.

"Kipkemboi," mamake akasema mwishowe, polepole.

"Naam, Mama."

"Hao samaki wa kwao... wana miiba mingi?"